Alama ya Tupa

Saa kumi na moja alfajiri, Bahi.
Treni ya mizigo imepita na kishindo chake,
vyura wamenyamaza kidogo, kisha wakaendelea na yao.
Ndahani ametangulia majini, tope hadi kiunoni,
anapapasa mitego kama mtu anayetafuta kiatu gizani.
Mimi nimebeba mizani, rula ya chuma
na tupa ndogo niliyonunua kwa fundi baiskeli.

Kazi yenyewe ni hii:
unamtoa kobe wa maji, unampima,
unachonga pengo ukingoni mwa gamba,
kulia mamoja, kushoto makumi,
unamwachia. Basi.
Naye kabla hajaondoka anakuachia harufu mkononi
ambayo sabuni ya mche haiiwezi.
Siku hiyo ugali wa uwele unaula kwa kijiko.

Mtego wa kwanza: kambale wawili, na chambo kilichooza.
Wa pili, mtupu.
Wa tatu, mtupu na umechanwa.
Wa nne: ishirini na sita!
Shikamoo, ishirini na sita.
Umeongezeka gramu tisa tangu masika iliyopita.
Wa tano, sufuri.
Ndahani hapendi kuandika sufuri,
anasema ni kama kuitia mkosi karatasi.
Iandike, namwambia. Sufuri nayo ni hesabu.

Wanasema ukimwona kobe ameinama, anatunga sheria.
Nimewaona wakiinama, huu mwaka wa tatu.
Hawatungi lolote.
Wanatafuta tope lenye unyevu wajizike
mpaka mvua irudi,
na mwaka jana mvua ilikuja, ikachungulia, ikaondoka
kama mgeni aliyekosea mlango.

Jioni, chini ya taa ya sola, nazidisha, nagawanya.
Wenye alama walikuwa sitini.
Tumekamata ishirini na wanne,
na ishirini kati yao ni wetu wa zamani.
Jibu: sabini na wawili,
bwawa zima.
Narudia hesabu kwa kalamu nyingine,
utadhani kosa ni la wino.

Lakini si udogo wa jibu unaoninyima usingizi.
Ni kwamba karibu kila ninayemshika namjua.
Ni kwamba aliye mdogo kuliko wote anajaza viganja vyangu viwili.
Shule ina darasa la saba,
ina walimu, ina kengele,
haina darasa la kwanza.

Kwa Mbeleje nilikwenda kuazima chumvi.
Mbukwa, mama. Akanikaribisha, akaendelea kuchota uwele
kwa kitu cha rangi ya udongo, kimeng'aa kwa kushikwa.
Nikaona mapengo.
La nne kushoto. La tatu kulia.
Vidole vyangu vilijua kabla yangu.

"Nililiokota majarubani, limekwishakauka," akasema.
"Linachota vizuri kuliko kopo."
Nikaomba nilipime. Sentimita kumi na nane na nukta mbili,
ileile ya siku nilipomwachia.
Sikuomba anipe. Ningemwachia nini cha kuchotea?

Fomu ina vijisanduku viwili: hai, mfu.
Arobaini na tatu nimemweka kwenye mfu,
halafu pembeni, nje ya mstari,
nikaandika: yuko kazini.
Ndahani akacheka.
Kisha akaacha kucheka, akaenda kuosha nyavu ambazo alikuwa ameshaziosha.

Leo, siku ya mwisho, tumefungasha.
Kwenye ukingo wa mfereji, karibu na reli,
nimeona shimo la upana wa kikombe
na maganda ya mayai, meupe, yamejikunja.
Nimepiga magoti. Nimeyageuza moja moja.
Yamepasuliwa kutoka ndani, au kenge amepita?
Dereva anapiga honi.
Kwenye nafasi ya idadi nimeweka alama ya kuuliza.
Najua ofisini watairudisha.
Hawapokei alama ya kuuliza.
Nimeikoleza.